Muda wa Akiba Si Muda wa Ziada

Majuma machache yaliyopita mhandisi mmoja kijana, jirani yangu hapa Ngoingwa, aliniletea ratiba ya mradi aliyokuwa ameiandika kwa Kiingereza, akanisihi nimtafutie neno. Mwishoni mwa ratiba hiyo alikuwa ameacha majuma matatu yasiyokuwa na kazi yoyote iliyopangwa, na kando yake ameandika "slack". Mkubwa wake alikuwa amelizungushia neno hilo duara la wino mwekundu na kuuliza ni tangu lini watu wakalipwa mshahara kwa ulegevu. Kijana alikuwa amejaribu "extra time", akaona linanuka uwanja wa kandanda. Alikuwa amejaribu "allowance", akahofu kwamba mhasibu angedhani yanaombwa marupurupu. Basi alitaka mwalimu wa isimu amwamulie.

Jibu la Kiingereza nilimpa siku ile ile, nami nitalieleza hapa kwa faida ya wanafunzi waandikao ripoti na tasnifu kwa lugha hiyo. Hata hivyo, swali lenyewe lilikuwa na mzizi mrefu kuliko jibu langu, na mzizi huo unapita chini ya shule zetu.

Kiingereza hakina neno moja la jambo hili. Kina ukoo mzima wa maneno, na kila mmoja katika ukoo huo ana tabia yake. "Float" na "slack" ni ndugu wa karibu. Yalipata maana yake ya kiufundi mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Marekani, pale wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand walipobuni mbinu ya kukokotoa mfuatano wa kazi katika mradi, na Jeshi la Majini la nchi hiyo likabuni mbinu inayoshabihiana nayo kwa ajili ya kombora la Polaris. Wale wa kwanza walipendelea "float", wa pili wakapendelea "slack". Chukua nyumba inayojengwa katika mojawapo ya ploti zetu hapa Ngoingwa. Kuta haziwezi kupanda kabla ya msingi, wala paa kabla ya kuta. Kazi hizo zimeshikana mikono, na ikichelewa moja zote zimechelewa. Lakini seremala atengenezaye milango aweza kuchelewa hata majuma mawili, kuta zikiwa bado zinapanda, na asimkwamishe mtu. Majuma yake hayo mawili ndiyo "float". Hakuna aliyeyatenga. Yamejitokeza yenyewe katika hesabu, kama upenyo unavyojitokeza baina ya mawe mawili yasiyolingana.

Majuma matatu ya jirani yangu hayakuwa ya namna hiyo. Yeye aliyatenga kwa makusudi, akijua kwamba masika yaweza kuugeuza udongo wetu kuwa tope lisilopitika, kwamba lori la mawe litokalo machimbo ya Ndarugo laweza kukwama njiani, na kwamba karatasi ya idhini yaweza kulala mezani kwa afisa kwa siku nyingi. Muda kama huo Kiingereza huuita "contingency", yaani uliowekwa kwa ajili ya linaloweza kutukia, au "buffer", neno linalomkumbusha mtu zile springi zilizo kwenye ncha za mabehewa ya treni, zipokeazo kishindo ili abiria wasikisikie. Lipo pia neno "padding", ambalo ni pamba ya kujazia godoro au mabega ya koti. Hilo lina aibu ndani yake. Muda wa "padding" ni ule ule wa "contingency" uliofunikwa uso: fundi ajua kuwa kazi ni ya siku kumi, anatamka kumi na tano, na zile tano hazionekani popote isipokuwa moyoni mwake.

Nilimshauri kijana aandike "contingency", kisha aongeze sentensi moja ya kutaja ni mambo gani hasa ambayo majuma hayo matatu yanayangojea. Mkubwa wake akatia sahihi.

Sasa tuseme ratiba ile ingalikuwa ya Kiswahili. Swali hili si la mzaha. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza, na lugha rasmi isiyoweza kuandika ratiba ya mradi ni rasmi kwa jina tu. Nimewauliza walimu kadhaa na wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza wangeliandika nini mahali pale. Takriban wote walijibu bila kusita: muda wa ziada.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Neno ziada lina tabia ambayo kila mwenye nyumba anaijua. Chakula cha ziada ni kile kilichobaki watu wakiwa wameshiba. Mfanyakazi wa ziada ndiye wa kwanza kupunguzwa. Ukimwambia mweka hazina kwamba ratiba yako ina muda wa ziada, umemkabidhi kisu kwa mkono wako mwenyewe. Ataukata, naye atakuwa na haki, kwa kuwa umekiri kwamba hauhitajiki.

Wachache walipendekeza muda wa nyongeza. Hilo nalo ni neno zuri, ila latazama nyuma. Kitu huongezwa baada ya kile cha kwanza kushindwa kutosha. Sisi tuteremkao kwenda Nairobi kwa barabara kuu ya Thika tunao mfano mzuri wa nyongeza. Ujenzi wa barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ulianza mwaka 2009, na mwananchi aliambiwa kwamba ungekamilika Julai 2011. Kulikuwa na mabomba ya maji na nyaya za umeme za kuhamishwa, kulikuwa na mvua, na kulikuwa na maelfu ya magari yasiyoweza kusimama yakingoja wajenzi wamalize. Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi tarehe 9 Novemba 2012. Barabara ni njema na hatuilaumu. Lakini katika ile miezi kumi na sita, habari tuliyokuwa tukiipata sisi wasafiri wa vumbini ilikuwa moja: muda umeongezwa. Hatukuambiwa tangu mwanzo ni miezi mingapi iliyowekwa kando kwa ajili ya mabomba na nyaya, vitu ambavyo kila mtu alijua kuwa viko pale. Kwa hiyo hatukuwa na kipimo cha kutenganisha ucheleweshaji ulioweza kutazamiwa na ule wa uzembe, na baadhi yetu tukaviona vyote kuwa uzembe.

Watangazaji wetu wa kandanda wametushinda katika jambo hili, nami nasema hivyo kwa heshima. Kwao, dakika za majeruhi ni zile ambazo mwamuzi huzirejesha kwa sababu zilipotea uwanjani. Muda wa ziada ni nusu saa nzima ipigwayo timu zikitoka sare katika mchezo ambao lazima apatikane mshindi. Dakika za lala salama ni zile za mwishomwisho, ambapo mwenye bao moja huombea kipenga na mwenye deni hukimbia kama mwenda wazimu. Hakuna msikilizaji, hata mtoto wa darasa la tatu, anayezichanganya. Lugha ambayo imeweza kuzipa dakika chache za mpira majina matatu haiwezi kushindwa na majuma matatu ya mhandisi.

Neno ninalolipendekeza halihitaji kuundwa wala kukopwa upya. Ni akiba. Asili yake ni Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya lile lijalo baadaye, matokeo, mwisho wa jambo. Kiswahili kimelichukua na kulitia busara zaidi: akiba ni kile kilichowekwa leo kwa sababu ya hilo lijalo. Nyumba nyingi hapa Ngoingwa zina tangi la maji, kwa kuwa mfereji una siku zake za kukauka. Sijamsikia mtu akiyaita maji yale kuwa ni ya ziada, wala akimtuhumu jirani yake kwa ulegevu kwa kuwa amejaza tangi. Akiba ina mwenyewe, huwa na kiasi kijulikanacho, na atakayeichota huulizwa ameichotea nini. Sifa hizo tatu ndizo hasa zilizokuwa zikitafutwa na yule mkubwa mwenye kalamu nyekundu.

Basi majuma matatu ya jirani yangu ni muda wa akiba. Yale mawili ya seremala tuyaite nafasi. Neno hili lina undugu na pumzi katika asili yake ya Kiarabu, na kwa kweli huyo seremala anapumua tu. Nyongeza tuiachie mahali pake, kwa siku zile ziombwazo baada ya tarehe kupita.

Nikiwa katika nasaba za maneno, nitaomba msomaji anivumilie kidogo. Siku ya mwisho ya kazi Kiingereza huiita "deadline", na neno hilo lilianza kama mstari katika kambi za wafungwa wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya miaka ya 1860: mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi. Sisi tunalo makataa, lenye maana ya kukata ndani yake, ambalo lina ukali wa kutosha pasi na kuua mtu. Lakini kilichonishangaza zaidi ni muhula. Katika Kiarabu neno hilo ni kuachiwa nafasi, kupewa fursa ya kuvuta pumzi kabla ya kudaiwa. Na hata sisi husema kwamba mdai amempa mdeni muhula wa kulipa. Neno hilo la rehema ndilo tulilolichagua kuwa jina la zile wiki ambazo mtoto wa Kenya hukaa shuleni. Mwalimu yeyote asomaye makala haya aweza kuamua mwenyewe kama ndani ya muhula wake imesalia rehema yoyote.

Pana watakaoniambia kwamba majina hayajengi nyumba wala hayafundishi watoto. Nawajibu kwa kuwaomba walifungue daftari la maazimio ya kazi la mwalimu mwenye uzoefu. Watakuta katika juma la kumi au la kumi na moja neno moja tu limeandikwa: marudio. Mara nyingine marudio ni marudio kweli. Mara nyingi, kama nijuavyo kutokana na miaka mingi ya kuwatembelea wanafunzi wangu wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, juma hilo ni tangi la maji lililofichwa chini ya kitanda. Mwalimu anajua kuwa kutakuwa na mashindano ya riadha, tamasha la muziki, siku ya wazazi, mazishi ya mwenzake, na asubuhi mbili za mvua ambapo nusu ya darasa haitafika. Mkaguzi hapendi kuona juma tupu. Kwa hiyo mwalimu huweka akiba yake na kuivisha jina la kazi. Simlaumu. Hakupewa safu ya kuiandika kwa jina lake.

Tatizo la akiba iliyofichwa ni kwamba haiwezi kugawanywa. Mwalimu wa hisabati akiwa na juma lake la siri, na wa jiografia lake, na wa Kiswahili lake, shule kwa jumla ina majuma kumi ambayo mwalimu mkuu hana habari nayo. Siku mafuriko yakija, yeye hujiona maskini juu ya hazina. Isitoshe, akiba isiyoonekana huliwa na panya. Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka iujaze wakati iliopewa. Alikuwa akiwacheka watumishi wa serikali, lakini kila aliyewahi kumpa fundi siku kumi na tano kwa kazi ya siku kumi anajua kwamba zitatumika zote kumi na tano, na pengine ya kumi na sita pia. Kwa sababu hiyo Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyegeuka kuwa mwalimu wa mameneja, alishauri katika kitabu alichokitoa mwaka 1997 kwamba ule muda ambao kila mtu ameuficha katika kazi yake utolewe, ukusanywe, na uwekwe mwishoni mwa mradi mbele ya macho ya wote. Si lazima tukubaliane naye katika kila jambo. Lakini katika hilo alisema kweli, na jambo hilo haliwezekani mahali ambapo watu hawana neno la staha la kuuitia muda huo.

Wanafunzi nao wasidhani kwamba haya ni ya walimu peke yao. Mwaka 1994 watafiti watatu huko Kanada, wakiongozwa na Roger Buehler, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakiandika tasnifu zao kwamba wangemaliza lini. Kwa wastani walikadiria siku 34. Walipoambiwa wakadirie ikiwa kila kitu kitaharibika kadiri kiwezavyo kuharibika, wakasema siku 49 hivi. Walitumia siku 55 na nusu. Yaani hata ule ubaya walioubuni kwa akili zao ulikuwa mwema kuliko dunia yenyewe ilivyo. Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wamekwisha kulieleza kosa hili mwaka 1979: mtu apangapo hutazama hadithi ya kazi yake namna anavyotamani iende, asitazame kazi za wenziwe zilivyokwenda. Jumba la opera la Sydney, lililoanza kujengwa mwaka 1959 na kutazamiwa kukamilika mwaka 1963, lilifunguliwa mwaka 1973. Wanafunzi wangu wengi hunijia mwezi wa mwisho wakiomba nyongeza, na kila nyongeza ina hadithi ya tarakilishi iliyoharibika. Nawaamini. Ila tarakilishi huharibika kila mwaka, na bado sijaona pendekezo la utafiti lenye safu ya siku za akiba.

Wapo pia wapendao kusema kwamba Mwafrika hahitaji kufundishwa kuchelewa, na kwamba muda wa akiba ni uhalalishaji tu wa zile ziitwazo saa za Kiafrika. Wenye kusema hivyo hawawajui manahodha wa pwani yetu. Chombo kilikwenda na kaskazi na kurejea na kusi, na aliyechelewa kuondoka bandarini alingoja miezi, si saa. Katikati ya pepo hizo mbili kulikuwa na maleleji, ambayo pia huitwa tangambili, kipindi ambacho upepo hauna neno moja. Nahodha hakukihesabu kuwa siku za safari, wala hakukiita kupoteza wakati. Chombo kilichokuwa pwani kilikalafatiwa na kupakwa shahamu. Mwaka wa Nairuzi wa Waswahili nao una miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za mwisho hazimo katika mwongo wowote. Watu walioweza kuishi na kalenda kama hiyo hawakuwa wazembe wa hesabu.

Uzembe wa hesabu tumeuona karibu zaidi. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, na wanafunzi wote hawakurudi hadi tarehe 4 Januari 2021. Kupotea kwa wakati huo hakukuwa kosa la mtu. Kilichofuata ndicho cha kujadiliwa. Ili kuifidia miezi iliyopotea, kalenda ilibanwa kwa muda wa miaka miwili; mtihani wa KCSE ukafanywa mara tatu kati ya Machi 2021 na Desemba 2022, na masomo hayakurejea katika mwendo wa kawaida hadi Januari 2023. Katika kubana huko, likizo fupi za katikati ya muhula ndizo zilizotolewa kwanza, kwa kuwa zilionekana kuwa ni siku za ziada. Oktoba na Novemba 2021 mabweni yakaanza kuwaka moto katika shule za sekondari, hapa na pale nchini. Sitadai kwamba moto ulikuwa na chanzo kimoja. Lakini mwezi huo wa Novemba Wizara ya Elimu ilitangaza likizo fupi ambayo haikuwa imo katika ratiba, na wanafunzi wakapelekwa nyumbani wakapumzike. Siku zile zile zilizokatwa kwenye karatasi zilirudishwa, zikiwa zimelipiwa kwa mabweni.

Kisha ikaja mvua ya mwaka 2024. Muhula wa pili uliokuwa uanze tarehe 29 Aprili uliahirishwa kwa juma moja, ukaahirishwa tena pasi na kutajwa siku, na hatimaye shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Majuma mawili yalikwenda na maji, silabasi haikupungua hata ukurasa, na walimu wakaambiwa wafanye bidii. Masika si jambo la ghafula katika nchi hii. Yanakuja kila mwaka, na muhula wa pili huanzia ndani yake.

Ninachokiomba si kikubwa. Kalenda ya shule ina tarehe za kufungua, za likizo fupi na za kufunga. Iongezwe safu moja iandikwe wiki ya akiba, walau katika muhula wa pili, na mwalimu mkuu awe ndiye mwenye ufunguo wake, aandike ni kwa nini ameufungua. Maazimio ya kazi nayo yapewe safu hiyo hiyo, ili marudio yarudie kuwa marudio. Mkaguzi aikutapo asiizungushie duara jekundu. Aulize tu ilitumika lini na kwa ajili gani. Na ikiwa mvua ilinyesha kwa adabu, hakuna mto uliofurika na hakuna aliyefiwa, wiki hiyo warudishiwe wanafunzi waende nyumbani siku tano mapema, na asitokee mtu wa kuwatungia mtihani mwingine wa kuijazia.